Kukifanya kidogo kionekane kikubwa: kazi ambayo kijana wa Kiislamu aikimbilie au aikimbie?

Mji wetu wa Songea una mafundi wengi wadogo ambao hawajaandikishwa popote. Pita Lizaboni au Bombambili baada ya mavuno ya mahindi, utawakuta wamechuchumaa ukutani, mbele yao malori ya mabua, mabasi ya maboksi, magurudumu yaliyokatwa katika kandambili kuukuu na usukani wa waya mrefu unaomwezesha dereva kuendesha akiwa amesimama. Wengi wao huiacha kazi hiyo wafikapo darasa la saba. Wachache hawaiachi, na hao ndio wanaowatia wazazi wao mashaka.

Mmoja wa wachache hao ana umri wa miaka 19 na ni mwanafunzi wa zamani wa madrasa yetu. Ameitwa Dar es Salaam na vijana wanaotengeneza michezo ya televisheni, akawasaidie kuunda nyumba ndogo, magari madogo na vitu vingine vya kupigwa picha. Baba yake amekataa kutoa nauli. Hoja zake ni mbili: kwamba watu wa filamu ni wahuni, na kwamba mwenye kuunda sanamu atakuwa na hesabu nzito Siku ya Kiyama. Mama alikuja mbele ya kamati ya msikiti akiwa na maneno machache. "Masheikh zangu," alisema, "mwanangu hajawahi kuniibia hata shilingi mia. Anachoniibia ni maboksi na gundi."

Kamati ya msikiti haitoi fatwa, na sisi tunaoandika haya hatujipi cheo cha mufti. Lakini mafakihi wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulitambua, nasi tuliona kwamba watu wengi hapa mjini wanaihukumu kazi hii kabla ya kuitambua. Kwa hiyo tumeona tuieleze kazi yenyewe kwanza, ndipo tuje kwenye maneno ya wanazuoni.

Katika televisheni na filamu kuna mambo ambayo hayawezekani kupigwa picha jinsi yalivyo, ama kwa sababu ni ghali, ama ni hatari, ama hayapo kabisa. Daraja linaloporomoka, meli inayozama, mji wa kale uliokwisha kutoweka. Fundi hufanya hila ili jicho la mtazamaji likubali kwamba limeona. Hila hizo, ambazo vijana huziita efekti, ni za namna nyingi: moshi, moto unaodhibitiwa, mvua ya bomba, majeraha ya rangi, na picha zinazounganishwa kwa kompyuta. Modeli, yaani mfano mdogo wa kitu kikubwa uliotengenezwa kwa vipimo, ni miongoni mwa hila za zamani kuliko zote, na ndiyo inayomhusu kijana wetu.

Uingereza, mwaka 1965, kilianza kuonyeshwa kipindi cha watoto kiitwacho Thunderbirds, ambacho karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kidogo. Ndege, roketi, mitambo na majengo vyote vilikuwa modeli, na hata wahusika wake walikuwa vikaragosi. Mkuu wa efekti alikuwa Derek Meddings, ambaye baadaye alifanya kazi katika filamu kubwa za James Bond. Meddings aligundua jambo ambalo fundi seremala yeyote wa hapa angelielewa mara moja: kitu kipya kinachong'aa huonekana ni cha kuchezea. Akawa anazichafua modeli zake kwa makusudi, anazipaka masizi na alama za kutu na mafuta, na kubandika juu yake vipande vidogo vilivyotolewa katika vifaa vya kuchezea vya dukani, ili ndege ionekane imekwisha safiri. Basi linaloingia stendi yetu kutoka Tunduru huwa limebeba historia ya safari nzima ubavuni. Modeli isiyokuwa na vumbi hilo inamdanganya mtoto wa miaka minne, haimdanganyi baba yake.

Lakini vumbi peke yake halitoshi, na hapa ndipo tuliposhangaa kuona jinsi hesabu za shuleni zinavyoingia. Chukua mnara wa msikiti wenye urefu wa mita 16. Tofali likianguka kutoka juu yake, litafika chini kwa takriban sekunde 1.8. Sasa tengeneza mnara uleule kwa kipimo cha moja kwa 16, yaani uwe na urefu wa mita moja. Kijitofali kikianguka kutoka juu yake kitafika chini kwa sekunde 0.45 tu, kwa sababu nguvu ya mvutano wa ardhi haijui kwamba sisi tumepunguza vipimo. Mtazamaji atahisi mara moja kwamba kitu hiki ni chepesi na ni kidogo. Dawa yake ni kuharakisha kamera. Televisheni ya kwetu huonyesha picha 25 kwa sekunde. Fundi atapiga picha 100 kwa sekunde, kisha azionyeshe kwa mwendo wa kawaida wa 25. Zile sekunde 0.45 zitanyooshwa mara nne na kuwa 1.8, na tofali litaanguka kwa uzito wa tofali la kweli. Kanuni ni kutafuta kipeuo cha pili cha kipimo: kipeuo cha pili cha 16 ni 4, basi kamera iende kasi mara nne. Mwalimu wa hesabu atakayewapa wanafunzi swali hili atakuwa amejibu lile swali lao la kila mwaka, kwamba vipeuo vya pili vina faida gani maishani.

Maji na moto ni wakaidi. Tone la maji halikubali kupunguzwa, na ndiyo maana modeli ya meli huundwa kubwa sana, wakati mwingine kubwa kuliko mtumbwi wa Ziwa Nyasa, ili mawimbi yaaminike.

Watu watasema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kompyuta zimekuja. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya kazi hii imehamia kwenye kompyuta. Hata hivyo katika tamthilia ya The Mandalorian iliyoanza mwaka 2019, iliyotengenezwa na kampuni yenye fedha na kompyuta za kila aina, mafundi waliunda kwa mikono modeli ya chombo cha angani na kukipiga picha, kwa sababu mwanga unavyolala juu ya kitu cha kweli ni vigumu kuughushi. Na kijana anayejua kuunda kwa mikono hupata wepesi anapohamia kwenye kompyuta, kwa kuwa tayari anajua kona zinavyokutana na kivuli kinavyoanguka.

Hiyo ni mifano ya mbali, ya watu wenye mitaji. Mfano uliotugusa zaidi uko Kampala, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini uitwao Wakaliga. Huko ametokea Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, ambaye mwaka 2005 alianzisha kampuni yake ya filamu na kuunganisha mwenyewe kompyuta zake kwa vipuri. Mwaka 2010 alitoa filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, ambayo gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Ndani yake helikopta zinaupiga mji wa Kampala mabomu na majengo yanawaka moto. Hakuna helikopta iliyoruka: ni kazi ya kompyuta na kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani, ambacho programu hukifuta na kuweka picha nyingine mahali pake. Bunduki za waigizaji zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na fundi anayejulikana sana kwa kazi hiyo ni Dauda Bisaso. Mafundi wa Wakaliga wamechomelea hata fremu ya helikopta yenye ukubwa wa mtu kuingia, ikawekwa hapohapo uani.

Tuseme wazi kwamba filamu zao zimejaa mauaji na hatuwashauri wazazi kuzitazama na watoto. Tunachokitazama ni ufundi. Na katika ufundi huo kuna jambo la kutia ibra kwa Muislamu: mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe kuigiza majeraha, mpaka mmoja wao alipougua, ndipo wakahamia kwenye rangi nyekundu ya chakula iliyofungwa ndani ya vifuko vya mpira. Sheria ilikwisha tuambia kwamba damu ni najisi; fundi wa Kiislamu angeanzia pale walipoishia wao.

Jambo jingine ni amana ya kazi. Nabwana alilazimika kufuta kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na leo Captain Alex imebaki katika nakala za hali duni tu. Pamoja na hayo, kipande chake cha matangazo kilichowekwa kwenye intaneti kilisambaa duniani kote, na mwaka 2019 filamu nyingine ya Wakaliga, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto nchini Kanada. Kutoka kwenye matofali hadi Toronto, bila mfadhili wa kuanzia.

Wala mkoa wetu si mgeni katika habari hizi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alikuwa mtoto wa Tunduru. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya mbao za dari. Mwaka 2010 mtindo wake ulifika kwenye televisheni ya watoto ya BBC kupitia katuni za Tingatinga Tales, ambazo picha zake zilihuishwa Nairobi na vijana wa Kenya. Dar es Salaam kwenyewe, shirika la Ubongo limekuwa likitoa katuni za elimu tangu mwaka 2014, na watoto wetu wengi wamejifunza hesabu humo bila wazazi kulalamika. Kazi zipo, basi. Ni chache, malipo yake huja kwa mradi mmoja mmoja, na mama anayengoja mshahara wa kila mwisho wa mwezi ajue hivyo mapema.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili ya baba, ambayo ndiyo nzito.

Hadithi zinazowakemea waunda picha ni sahihi na hazina mlango wa kuzikwepa. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, naye huunda picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kuunda picha ataadhibiwa mpaka aitie roho, naye hataweza kuitia kamwe. Yule mtu alishtuka vibaya sana, uso ukambadilika. Ibn Abbas hakumwacha katika hali ile. Alimwelekeza kwamba kama hana budi kuendelea na kazi yake, basi aunde miti na kila kisichokuwa na roho.

Tunawaomba wasomaji waisome tena habari hiyo kwa makini. Aliyekwenda kwa Ibn Abbas alikuwa fundi, mtu wa mikono, mwenye hofu juu ya riziki yake, kama kijana wa mama yule. Akaonyeshwa mpaka, na upande wa pili wa mpaka akaonyeshwa uwanja mpana wa kufanyia kazi. Nyumba haina roho. Gari, jahazi, daraja, mlima, mnara na miti, vyote hivyo havina roho, na hivyo ndivyo mfunda modeli anavyoviunda siku nyingi za maisha yake.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi hapa Afrika Mashariki, Imam Nawawi ameeleza kwamba kuunda viumbe wenye roho ni haramu, na kwamba miti na mfano wake hakuna haramu ndani yake. Wanazuoni pia wameeleza kwamba umbo lililokosa kiungo ambacho kiumbe hawezi kuishi bila hicho, kama vile kichwa, halimo katika katazo. Na vikaragosi vya watoto vimetolewa nje ya katazo na wengi wao, kwa hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) aliyekuwa akivichezea nyumbani, na katika mapokezi ya Abu Dawud akiwa na farasi mwenye mbawa mbili. Kuhusu picha za kamera na katuni, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana, na kijana atakayefika huko amuulize sheikh anayemwamini, asiulize kundi la simu.

Mpaka huu si wa kinadharia. Nchini Kenya, mwaka 2009, kilianza kipindi cha The XYZ Show, kilichobuniwa na mchoraji katuni Gado, Mtanzania mwenzetu, kwa mfano wa vipindi vya Ulaya. Viongozi wa siasa wameigizwa humo kwa vikaragosi vikubwa: kichwa hufinyangwa kwa udongo, hutolewa kalibu, kisha humiminwa mpira. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini hapo fundi anaunda uso kamili wa mwanadamu, na tena kwa ajili ya kumcheka. Kijana wetu akiitwa kwenye karakana ya namna hiyo, tunaona aombe kazi ya majukwaa, samani na majengo, na akinyimwa aondoke kwa adabu.

Waislamu wenyewe wamewahi kulikabili suala hili kwa ukubwa. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, alipotengeneza filamu ya The Message iliyotoka mwaka 1976, ilibidi mafundi wake waujenge upya mji wa Makka wa karne ya saba, pamoja na mfano wa Al-Kaaba, kwanza Morocco na baadaye Libya, baada ya kazi kusimamishwa huko Morocco. Filamu ile ilipingwa na baadhi ya wanazuoni na wengine wakaipokea, na hatuna nia ya kufufua mabishano hayo. Tunachotaka kionekane ni kwamba Mtume (s.a.w.) hakuonyeshwa wala sauti yake haikuigizwa. Kamera ilisimama mahali ambapo angekuwepo, na watu wakazungumza nayo. Mpaka ulioheshimiwa uliwalazimisha mafundi kubuni njia nyingine ya kusimulia.

Kuhusu hoja ya uhuni, hatutaikanusha yote. Zipo sehemu za utengenezaji wa filamu ambazo mzazi ana haki ya kuziogopa, na Swala hupotea kirahisi kazi inapokesha. Lakini karakana ya modeli ni kama karakana ya seremala: kuna vumbi, gundi na mtu aliyeinama. Hofu yetu kubwa ni ya mwili. Mwaka 1982, huko California, milipuko ya efekti iliiangusha helikopta wakati wa kupiga filamu ya Twilight Zone, wakafa mwigizaji Vic Morrow na watoto wawili. Mwaka 2021, katika filamu ya Rust, bunduki iliyodhaniwa kuwa salama ilikuwa na risasi ya kweli, na mpiga picha Halyna Hutchins akauawa. Hao walikuwa na kampuni na kanuni. Kijana wa kwetu anayechanganya baruti ya mafataki na petroli uani kwa mama yake hana hata ndoo ya mchanga. Kwa upande huu tulimwunga mkono baba bila kusita: moto na milipuko asiviguse mpaka awe chini ya fundi mwenye uzoefu, na bunduki bandia isitoke nje ya nyumba bila polisi na serikali ya mtaa kujulishwa.

Baba alitusikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Kilichomlainisha kidogo, kwa maoni yetu, hakikuwa dalili tulizozitaja. Wakati rasimu ya madrasa mpya ilipokuwa ikijadiliwa, kijana wake aliombwa kuiunda kwa kipimo cha moja kwa 50. Jengo la mita 20 kwa 15 likawa sentimita 40 kwa 30, mlango wa mita 2.1 ukawa sentimita 4.2, lote kwa kadibodi na vijiti. Liliwekwa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Mama mmoja asiyejua kusoma ramani aliinama, akaonyesha kwa kidole kwamba mlango wa wanawake unafungukia mahali wanaume wanapotawadhia. Mchoro ulibadilishwa kabla ya tofali la kwanza kulazwa.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa aina hii, kuna mengi ya kufanya kabla ya kufikiria nauli ya Dar es Salaam. Chuo cha VETA kipo hapahapa Songea, na fani kama useremala, uchomeleaji na umeme ndizo msingi wa karakana yoyote ya efekti. Mwenye cheti cha uchomeleaji hatalala njaa hata filamu zikikatika. Anayetaka kuingia kwenye sanaa yenyewe kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Akipata mwaliko wa kazi, makubaliano yaandikwe na yawe na mashahidi, kama Qur'ani ilivyotuagiza katika aya ya deni, na yataje siku ya malipo na ruhusa ya Swala ya Ijumaa.

Na kama hajapata mwaliko, aanze na futi kamba. Apime jengo moja la mji huu, dirisha kwa dirisha, aliandike kwenye daftari, aligawe vipimo vyote kwa 50, kisha aliunde na kulipiga picha kila hatua, kwa maana picha za hatua ndizo wenye karakana huomba kuziona. Kwenye Makumbusho ya Majimaji wageni husimuliwa habari za tarehe 27 Februari 1906, siku mashujaa waliponyongwa, lakini mji wenyewe ulivyokuwa siku ile, njia zake, nyumba zake na miti yake, mtu hulazimika kuufikiria kichwani. Wazee waliosimuliwa na babu zao bado wapo mitaani, na maboksi yapo.